Kidoti cha Malkia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mhariri alipompigia simu binti yangu.

"Hivi malkia wenu ana vidoti vingapi usoni?"

"Kimoja," binti akajibu.

"Ukurasa wa nne kiko shavu la kushoto. Wa saba, la kulia. Wa tisa anavyo viwili! Chagueni shavu. Ijumaa kitabu kinakwenda mtamboni."

Binti yangu ni mchoraji. Ile hadithi ya kale ya malkia aliyeficha jua chunguni, tuliyoisikia sote tukiwa mapajani pa mama zetu, ameichora upya kwa wino mweusi mtupu, mstari juu ya mstari, unywele mmoja mmoja. Malkia amempa sura ya marehemu mke wangu. Mimi, ambaye darasa la nne sikulimaliza, kazi yangu ni kujaza weusi: usiku, mashimo, matundu ya pua.

Akanigeukia. "Baba, umekigusa kidoti?"

"Nimekiweka mahali pake. Wa nne ulikosea, nikaona haya kukwambia; wa saba nikakuwahi, wa tisa ukaniwahi."

"Mama alikuwa nacho kushoto!"

"Mke wangu mimi? Miaka thelathini na moja nimekula naye meza moja, leo unifundishe shavu lake?"

"Nilikuwa namsuka mbele ya kioo kila Jumapili."

"Si ndiyo hapo! Kioo kinageuza."

"Mchoraji mzima nisijue kioo kinageuza? Wewe mezani ulikuwa unatazama sahani."

La sahani halikuwa la uongo.

Picha tungeitazama, lakini ilikuwa moja tu, ya kwenye kitambulisho chake, na wakubwa wa ofisi ya vyeti walikichukua siku ya kuandikisha kifo, wakakipoteza. Nimekwenda mara sita. Mkubwa huyu ananitupa kwa mkubwa yule, na wote wamekalia viti vya kuzunguka. Mtu mzima anayezunguka kutwa atakumbuka vipi alikoweka kitu?

Leo Alhamisi. Wino haufutiki, kidoti tutakachokikataa kitakwanguliwa kwa wembe, na karatasi ikishakwanguliwa haikwanguliwi tena. Wembe binti anao mkononi.

"Haya, mume wa malkia," ananichokoza, "fumba macho. Mama anakucheka. Kidoti kinapanda upande gani?"

Nimefumba. Kicheko nakisikia chote. Sahani naiona, hata ua lake la buluu pale ukingoni. Shavu je?