Kilima cha Baba

Kilima kwenye grafu kilikuwa kinakua. Nilikiona kwenye kioo cha kompyuta, kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kikinyanyuka taratibu pale pale ambapo baba yangu alisema kipo. Sikufurahi.

Asubuhi hakikuwepo. Tulikuwa tumeweka kipande kipya cha boroni mbele ya mtambo wa kurusha chembe, na nyutroni zilizoruka kutoka humo zilijipanga kwenye grafu kwa nishati zake, kila kundi na kilima chake, kama nilivyotarajia, ila zile za kilima cha baba hazikutokea. Sasa zilikuwa zinajitokeza zenyewe, na kila nikitazama zimeongezeka. Boroni haizidi kuwa boroni kadiri siku inavyokwenda. Kitu kingine kilikuwa kinajijenga juu yake.

Baba alikipata kilima hicho, akakitangaza kuwa cha boroni, mimi nikiwa mtoto wa kuburuta viatu vyake sebuleni. Leo tunaipima nyutroni kwa muda inaotumia kutufikia: iliyowahi ndiyo yenye nguvu. Wakati wake walitumia mabamba ya picha. Nyutroni ikigonga protoni ndani ya bamba, protoni huacha mkwaruzo mweusi, mwingine mfupi kuliko unene wa unywele, na kwa urefu wa mkwaruzo unajua nyutroni iliyoigonga ilikuja na nishati kiasi gani. Baba aliipima mikwaruzo hiyo kwa hadubini, mmoja baada ya mwingine, mpaka jicho lake la kulia likawa linachuruzika machozi tukiwa mezani.

"Mwacheni," mama alikuwa akituambia. "Baba yenu anaililia boroni."

Tulicheka sote, na yeye akicheka kutuzidi. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, maabara, na heshima ya kuitwa Mwalimu hata na watu ambao hakuwahi kuwafundisha.

Nilizima mtambo, nikakitoa kile kipande. Katikati palikuwa na doa la kahawia, dogo kama kipele. Mvuke wa mafuta ya pampu ulikuwa umeganda pale chembe za mtambo zilipopiga, ukaacha masizi. Kaboni. Badala ya boroni nikaweka kaboni tupu, nikawasha tena, nikasubiri huku nikiomba nimekosea. Kilima kikasimama mahali pake, kirefu kuliko kilivyowahi kuwa.

Nilimkuta baba barazani, amefungua pasi ya mama na kuitawanya juu ya gazeti.

"Baba, kile kilima ni kaboni."

Hakuinua macho. "Umeweka kaboni tupu?"

"Nimeweka."

"Kikakaa pale pale?"

"Pale pale."

Akaiweka bisibisi chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Pampu zetu zilikuwa zinavuja mafuta kama gari bovu," akasema. "Kwa nini sikuliwaza hilo?" Kisha akanitazama. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nikamwambia tuirudie pamoja: boroni safi, pampu mpya, majina yetu mawili juu ya makala moja.

"Weka lako," alisema, akaishika tena bisibisi. "Langu lilishakaa kwenye ile ya kwanza."

Aliomba jambo moja tu, kwamba kwenye mkutano wa wanasayansi, nitakapoyatangaza matokeo, aseme yeye kwanza. Alivaa suti yake ya kijivu, akasimama bila karatasi. "Kabla binti yangu hajazungumza," alisema, "niwaambieni kwamba miaka yote hii nimekuwa nikipima masizi." Ukumbi ukacheka, halafu ukasimama na kupiga makofi. Nami nilipiga makofi. Watu walinishika mkono wakaniambia nina bahati kuwa na baba wa namna ile, na ni kweli, nilikuwa nayo.

Wiki iliyofuata akarudisha funguo za maabara. Hakuna aliyezidai.

Siwezi kusema ningenyamaza. Mtu mwingine angekuja kuyaona niliyoyaona, na huyo asingepita kwanza barazani kwetu. Ninachojutia ni kwamba hatukugombana. Angefoka, angeniita mtovu wa adabu, ningejua pa kuanzia kumbembeleza. Lakini baba alinipongeza, akafunga mlango kwa upole kiasi kwamba nilichelewa kujua umefungwa. Mezani tulizungumzia paa, bei ya saruji, harusi za binamu. Nikigusia kazi, anauliza kama nimeshiba.

Alikuja maabara mara moja tu, nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe, baada ya mama kumsukuma kwa maneno mpaka akachoka kukataa. Alisimama nyuma ya mstari wa njano wanaposimama wageni. Nilimwambia asogee. Akasema hapo panamtosha. Kwenye kioo nyutroni za boroni zilikuwa zimejipanga, safi, bila kile kilima chake. Alizitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, lile jicho la kulia likilowa.

"Daktari," aliniambia mbele ya wanafunzi wangu, kwa sauti ya mgeni mstaarabu, "hivi vilima mnavisomaje?"

Nilingoja acheke. Hakucheka; alikuwa anasubiri jibu. Nikachukua kalamu, nikaanza mwanzo kabisa, naye akawa anaitikia kwa kichwa kila nilipomaliza sentensi.