Mkwe Asiyejua Shayiri

Miaka sita Yudon aliishi ghorofa ya nne, nyuma ya stupa ya Boudha, lile kuba kubwa la ibada la Wabudha, na aliyemfunga humo hakuweza hata kusimama. Mzee Ngodup, baba mkwe wake, alikuwa amepooza miguu. Mumewe, Gonpo, alikwenda Ubelgiji akiahidi kumwita kabla mwaka haujaisha. Kila Jumapili alipiga simu: "Vumilia kidogo. Makaratasi yako njiani." Yudon, mkimbizi wa Kitibeti, hakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote, hata basi la kwenda mji wa Pokhara alilihofia, kwa sababu ya askari wa vizuizini.

Mzee naye hakuchoka kumtukana kwa chakula. "Hii nini, gundi? Mwanangu kaniletea mkwe asiyejua hata kukanda shayiri!"

Yudon aliondoa sahani. Alilelewa bwenini tangu akiwa na miaka minne, kwa wali na dengu. Chakula cha kwao alikijua kwa matusi ya mzee tu.

Kisha mjane mmoja Mtibeti kutoka Tingri, Mama Kyizom, akafungua mkahawa wa meza nne chini ya jengo. Harufu ikapanda ngazi siku tisa mfululizo. Siku ya kumi, mzee aliposinzia mchana, Yudon akashuka.

Aliletewa bakuli la supu nzito ya unga wa shayiri, yenye nyama kavu, figili na jibini ngumu iliyolainika kwa moto. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili, kisha akakiweka chini. Kumbe mzee hakuwa akimtukana bure. Hilo lilimuuma kuliko matusi yenyewe.

"Vipi, binti, nimekuunguza?" Mama Kyizom aliuliza.

"Sijawahi kuila."

"Na wewe Mtibeti?"

"Wa bweni, Mama."

Mama Kyizom akacheka, kisha akaacha. "Njoo jikoni kesho. Nitakufundisha, na mshahara nitakupa."

Yudon alipanda mbiombio. Mzee alikuwa sakafuni, kabanwa kati ya kitanda na ukuta, mkono umenyooshwa kuelekea birika.

"Nimelala hapa kama gunia," alisema. Safari hii hakutukana.

Jumapili Yudon akamweleza Gonpo kuhusu ile kazi.

"Na baba abaki na nani? Subiri, Yudon."

"Nisubiri mpaka lini?"

Gonpo akasema mtandao ni mbovu.

Wiki mbili hakushuka. Alisikia kisu cha Mama Kyizom kikigonga ubao, tangu asubuhi. Kisha siku moja akamvisha mzee koti, akageuka na kuchuchumaa mbele ya kitanda.

"Panda mgongoni, Baba."

"Una wazimu? Utaniua!"

"Basi tutakufa sote. Panda."

Ghorofa mbili nzima mzee alimlaani. Ya tatu akamshika shingo kwa nguvu. Walipofika mkahawani, Mama Kyizom alivuta kiti bila kuuliza kitu, akaweka bakuli.

Mzee alionja. "Chumvi haitoshi."

"Umefungiwa ndani miaka mingapi, mzee?" Mama Kyizom aliuliza.

"Sita."

"Basi ni ulimi wako ulioota kutu. Kula!"

Alikula mpaka akakwangua bakuli.

Toka hapo Yudon alimbeba kila asubuhi. Yeye alikanda shayiri jikoni. Mzee alikaa meza ya dirishani akiwakosoa wote wawili, na wateja pia. Alasiri walipanda, na mlango ukafungwa kama zamani. Barua kutoka Ubelgiji haikuja.

Alasiri moja, wakipumzika kwenye ngazi, mzee alisema sikioni mwake, "Gonpo hatakuita."

"Najua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili."

Mzee akauliza, "Na mbona hukuondoka?"

"Ningekwenda wapi?"

Mzee akamshika shingo tena. Yudon akamweka sawa mgongoni, akashika ukuta, akaanza kupanda. Ilikuwa imebaki ghorofa moja.