Sanduku la Kuchuja Umeme

Ayanle hakuwa na haya ya kujisifu, na siku ile alikuwa na haki yake. Spika za harusi pale Garissa hunguruma kama mashine ya posho, lakini za harusi ya dada yake Leyla zilitoa sauti safi kabisa. Sanduku la bati la kuchuja umeme aliliunda mwenyewe, akalitia koili na kapasita za feni mbovu. Mama yao, Bishara, alikuwa ametunga shairi la kuimba kwenye buraanbur, na Ayanle alitaka kila neno lisikike.

Buraanbur ni ngoma ya wanawake peke yao. Wanaume walikaa nje ya ua wakinywa chai, na Ayanle akapokea pongezi kana kwamba yeye ndiye bwana harusi.

Mara sauti ikakatika. Dada yake mkubwa, Ramlo, akatoka kwenye hema la wanawake amebeba sanduku, waya ukiburutika nyuma yake.

"Unazima kwa nini? Mama bado hajaimba!" Ayanle akafoka.

"Ndiyo maana nimezima. Walaal, ndugu yangu, waya wa ardhi uko wapi?"

"Niliukata. Ulikuwa unaleta mngurumo."

"Nimeshika maiki nimpelekee hooyo aimbe, mkono ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko."

"Haiwezekani! Nimelishika sanduku hili wiki nzima, halijanifanya kitu."

Ramlo akamtazama miguuni. "Ukiwa umevaa hizo?"

Ayanle akaziangalia ndara zake za mpira. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuona buraanbur kwa macho. Hakujua kwamba wanawake huvua viatu mlangoni wakacheza pekupeku, wala kwamba asubuhi walikuwa wameunyunyizia mchanga maji ili vumbi lisimchafue bibi harusi. Umeme ulivuja kwenye bati, ukafuata nyaya mpaka kwenye maiki, na kwa kukosa waya wa kuupeleka ardhini, ungepita mwilini mwa mama yake.

Akaketi palepale mchangani.

Ramlo alikuwa amepigwa na umeme mle hemani. Lakini hakupiga kelele. Angepiga, wanawake wote wangekimbilia sanduku na kulishika. Alitembea polepole hadi kwenye soketi, akachomoa plagi, akawaomba wasogee. Moyo wa namna hiyo Ayanle hakuwa nao, na alijua.

Ndani makofi yakaanza, kisha sauti ya Bishara, kavu, bila maiki. Hema zima likatulia ili limsikie. Akamsifu Leyla, akausifu ukoo wa bwana harusi, halafu akaongeza beti ambazo hazikuwemo, za Ramlo, binti aliyepigwa na umeme akawakinga wenzake kabla ya kujitazama mkono. Vigelegele vikafurika hadi nje.

Ayanle akangoja mama afike kwenye beti za fundi wa sanduku. Hakufika. Akainuka, akapiga makofi kuwashinda wanaume wote waliokuwepo.