Viti Ishirini na Kimoja

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakumjua karani wa visima.

Alikuja asubuhi na fomu zake, akawa anapita nyumba hadi nyumba kuandika nani ana nini. Kijiji kikionekana fukara, kinachimbiwa kisima. Kikionekana kinajiweza, basi, kiendelee na mto wake, na mto uko mwendo wa saa mbili. Mama Mfinyanzi alikitaka kisima hicho kuliko kitu chochote. Mkwe wake, mwenye mimba ya miezi minane, ndiye aliyekuwa akipanda ile njia na ndoo kichwani.

Lakini adabu ni adabu. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, utamkalisha chini? Kijiji kizima kilikuwa na kiti kimoja cha maana, alichoachiwa Mama Mfinyanzi na marehemu mumewe. Basi karani akitokea mlango wa mbele, kiti kinatokea wa nyuma, mbio kwa jirani. Akifika anakikuta kinamngoja, kimepanguswa vizuri. Mama Mfinyanzi alikibeba mwenyewe, kanga ikimporomoka, akicheka peke yake.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yake. Karani akakaa, akashtuka kidogo, akajumlisha.

"Nyumba ishirini na moja, viti ishirini na kimoja," alisema. "Mama, hapa hakuna dhiki. Jana nilipita kijiji wanakalia mawe."

Kicheko kikamkauka. Akamtazama mkwe wake pale mlangoni, kajishika kiuno. Aseme, awavue nguo majirani wote waliojistahi leo? Anyamaze, huyu akajifungulie njiani?

"Baba," alisema mwishowe, "huo msumari wa kiti haujakuchoma?"

"Umenichoma tangu asubuhi. Nikadhani fundi wenu ni mmoja."

"Fundi ni mmoja. Na kiti ni kimoja."

Akamweleza yote, macho chini, aibu imemjaa. Majirani waliokuwa wakichungulia dirishani wakarudisha vichwa nyuma. Karani hakucheka. Aliinuka, akakaa mkekani, akafuta mstari mmoja baada ya mwingine, viti ishirini.

"Na hiki chako?"

"Hicho kiandike," alisema Mama Mfinyanzi. "Ninacho, siwezi kukikana."

Kisha akamwita mkwe wake, akamkalisha taratibu, upande usio na msumari.