Tumbo la Gari la Mkunga

Mgeni alifika asubuhi akiwa na kiatu kimoja. Dada wawili wa karakana walikuwa wamelilaza gari ubavu, na mdogo alikuwa anakwangua kutu chini ya sakafu yake. Mgeni alisimama mlangoni mpaka brashi ya waya iliponyamaza.

"Hodi wenye kazi. Samahani, mnaweza kuliweka hilo gari sawa kidogo?"

"Sawa vipi?" akauliza dada mkubwa.

"Likae kama magari mengine. Mwenyekiti wa chama cha nyumba amelala ukutani."

Dada mkubwa alivua miwani ya kazi, akaifuta kwa pindo la ovaroli. "Tangu lini?"

"Tangu jana, mlipoligeuza. Alikuwa anakunywa chai. Mimi ni karani wake. Nilipanda juu ya meza nimnyanyue, akashika kiatu badala ya mkono, na mpaka sasa hajakiachia."

"Ukuta gani?" akauliza mdogo.

"Wa kushoto."

Mdogo alilitazama gari. Lilikuwa limelalia ubavu wa kushoto. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hesabu imekubali, akaendelea kukwangua.

Gari lenyewe lilikuwa bodi tupu, la kizamani, lenye mabega ya mviringo. Injini, viti na milango vilikuwa vimepangwa ukutani. Bodi ilishikiliwa mbele na nyuma na nguzo mbili za chuma zenye magurudumu, na katikati ya kila nguzo palikuwa na ekseli iliyoiruhusu kuzunguka. Mtambo huo waliuita bembea. Baba yao marehemu aliujenga kwa mabomba ya maji na vitovu vya magurudumu ya trekta, na mjini hapakuwa na mwingine. Kwenye karakana nyingine mafundi walilala chali chini ya magari, kutu ikiwamwagikia machoni. Hapa gari ndilo lililolala, fundi akasimama wima kama mtu anayepiga pasi.

Ujanja wote ulikuwa katika kupata usawa wa uzito. Ukikosea, bodi inakupiga mweleka. Dada mkubwa alikuwa ameutafuta kwa subira, akipandisha bolti tundu moja, akishusha nyingine, mpaka mdogo wake akaweza kuligeuza gari zima kwa kidole cha shahada. Wateja walipopita, mdogo alipenda kufanya hivyo huku anatazama pembeni, kama mtu aliyesahau kwamba kidole ni chake.

"Mwambie Mwenyekiti avumilie," dada mkubwa alimwambia karani. "Tuko kwenye sakafu bado. Kesho kutwa tunaligeuza miguu juu, tulipake rangi."

"Miguu juu?" Karani alifikiri kidogo. "Kesho kutwa ni mkutano mkuu wa chama."

"Basi achague chumba chenye dari safi," akasema mdogo.

Gari hilo lilikuwa la mkunga wa mtaa. Kwa miaka mingi lilibeba kina mama wenye uchungu usiku na mchana, kwenye tope na mawe, na nusu ya watu wa mtaa, hao dada wawili wakiwemo, walianza kupumua kwenye kiti chake cha nyuma. Kisha chama cha nyumba kikachukua nyumba za upande mmoja wa mtaa ili barabara ipite, pamoja na vyote vilivyokuwa uani. Barabara haikupita. Mkunga alihamia chumba cha kupanga, na gari likawa la Mwenyekiti, ambaye sasa alitaka lirudi upya likae mbele ya ofisi, wageni walione.

Siku bodi ilipoletwa, mkunga alikuja kulitazama gari. Alilizunguka polepole, mkono juu ya bati.

"Shikamoo Bibi," dada mkubwa alimwamkia. "Tungeweza tungekurudishia."

"Marahaba mwanangu. Hilo si lako kulirudisha. Nina ombi dogo tu. Uso wake watu wameusifia sana. Lakini lililofanya kazi ni tumbo. Tumbo mlipake kama uso."

Tumbo la gari hupakwa lami, likasahaulika. Dada mkubwa alijua hivyo, na mkunga pia.

"Nakuahidi, Bibi. Kijani kilekile, mikono mitatu ya rangi, mmoja juu ya mwingine, sawa na juu."

Jioni ya siku ile aliyokuja na kiatu kimoja, karani alirudi, safari hii na viatu viwili. Mwenyekiti alikuwa ameshazoea ukuta. Mkewe alimfungia mto, na picha yake ya ofisini walikuwa wameilaza ili afanane nayo. Lakini mkutanoni alitaka kusimama kama wajumbe wengine. Alisema tumbo lipakwe lami mara moja, gari lisimamishwe. La sivyo, kiwanja cha karakana, ambacho ni cha chama, kingepewa mtu mwingine.

Karani alipoondoka, mdogo alikaa juu ya tairi.

"Dada, sikia. Tukipaka lami, nani ataliona hilo tumbo?"

"Hakuna."

"Bibi mwenyewe hawezi kuinama."

"Hawezi."

"Sasa tunapoteza karakana ya baba kwa ajili ya nini?"

"Ningekuwa nimeahidi uso, hata ningedanganya hapa na pale, watu wangenikamata. Tumbo hakuna wa kunikamata. Nimebaki mimi tu."

"Wewe ukianza kuongea kama mwalimu wa dini, najua nitalala na njaa," akasema mdogo. Kisha akainuka kwenda kutafuta msasa laini.

"Na kuligeuza kwa muda?" aliuliza kutoka stoo. "Mkutano ukiisha tunaendelea."

"Chuma kiko uchi, na mvua imeanza. Tukingoja, kutu inarudi. Na rangi mbichi ukiigeuza inatiririka kama machozi. Itakuwa kesho kutwa, miguu juu, mpaka ikauke."

Siku ya mkutano mdogo alichomoa pini iliyoizuia bembea, akaweka kidole, gari likageuka tumbo juu bila sauti. Mkunga alikuwa amekuja mapema, wakampa kiti cha dereva kilichokuwa kimeegemea ukutani, akakaa humo.

Ukumbini, Mwenyekiti alipanda darini katikati ya neno "ndugu wajumbe". Alitulia huko, miguu juu, akakohoa, akaendelea na taarifa ya mwaka. Wajumbe waliinua shingo kwa heshima. Alipofika kwenye kifungu cha barabara, mifuko yake ilianza kumwagika. Zilidondoka funguo. Zilikuwa funguo za nyumba, nyingine na kutu, nyingine zimefungwa uzi, na zilianguka juu ya meza za mbele kwa muda mrefu.

"Ule wenye uzi mwekundu ni wangu," akasema mama mmoja.

"Na ule wa shaba ni wa marehemu kaka," akasema mwingine.

Katibu aliwakumbusha kwamba jambo hilo halikuwa kwenye ajenda. Karani alizikusanya zote ndani ya kofia, akapanda ngazi, akazirudisha mifukoni, kwa kuwa ndiko zilikotoka, na safari hii akaifunga mifuko kwa pini. Kura zilipigwa. Mwenyekiti alichaguliwa tena, akashukuru kutoka darini.

Kisha karani akatumwa karakana.

Alikuta mikono miwili ya rangi imeshapigwa. Tumbo la gari liling'aa chini ya bati la karakana, kijani cha jani lililonyeshewa, kila mshono na kila pembe. Karani alisahau kidogo alichotumwa.

"Kiwanja kimepewa mtu mwingine," alisema hatimaye. "Mwisho wa mwezi muwe mmeondoka. Na nimeambiwa niligeuze gari sasa hivi."

"Tumesikia," akasema dada mkubwa. "Gusa hapo. Kwenye karatasi ya pembeni iliyorukiwa, usiguse rangi ya gari."

Karani aligusa. Kidole kilinata.

"Bado," akasema.

"Bado. Na mkono mmoja haujapigwa."

Karani alitazama mlango, akatazama bembea, akatazama kidole chake.

"Wewe nakukumbuka," mkunga akasema kutoka kwenye kiti chake. "Ulitoka tumboni mwa mama yako kabla hatujafika hata hapo darajani. Ulikuwa na haraka hiyo! Kaa chini, mwanangu."

Karani akavuta debe, akakaa kando yake. Mdogo alichuja rangi, akajaza bunduki ya kupulizia. Dada mkubwa alifunga kitambaa puani, akavuta pumzi, akaanza mkono wa tatu kule nyuma kabisa, ndani ya pembe inapofungwa ekseli ya gari, mahali ambapo hata fundi hatatia jicho.