Sinia Lililoanguka

Hata leo, akiwa mama mzima mwenye meno yake yote, mtaa mzima humwita Kibogoyo. Jina lilimganda utotoni, na ungetarajia nini kwa mtoto wa mpika pipi? Baba yake alikuwa akipika pipi za tangawizi katika chumba cha nyuma ya nyumba, na sasa walipika pamoja: yeye kwenye moto, mzee kwenye ndoano ya ukutani, akiivuta sukari ya moto na kuirudisha mpaka igeuke nyeupe.

Asubuhi hiyo Kibogoyo alikuwa ameapa kumwambia mzee aache kazi. Wiki iliyopita donge la sukari lilimponyoka, likaanguka kando tu ya mguu wake. Sukari ile haina mzaha. Ikikugusa inaondoka na ngozi. Lakini tangu alipofunga aproni alikuwa akilalamikia mvua tu.

Angemwambiaje? Alipokuwa mtoto, nyumbani kwao sheria ilikuwa moja: pipi nzima ni ya wateja, iliyovunjika ni ya watoto. Na jamani, zilivyokuwa zikivunjika! Mmoja wao akiugua, au akirudi kutoka shule na macho mekundu, basi mzee lazima adondoshe sinia. Kishindo, na watoto hao, mbio kama kuku waliomwagiwa mtama. Mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa akishika kiuno: "Mume gani huyu, mikono umeipaka mafuta?" Mzee anainamisha kichwa, mpole. Siku moja Kibogoyo alimwona akichungulia mlangoni kwanza, kisha akiliinamisha sinia taratibu. Hakumwambia mtu. Ladha ya vipande vile, vyenye ncha za kukwaruza ulimi, hajaipata tena popote, hata kwenye pipi anazozipika mwenyewe, na jambo hilo humuuma.

Siku hizi masinia yalianguka kweli. Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka. Ili asione haya, kila alipodondosha lake, Kibogoyo naye alidondosha la kwake, akijilaani kwa sauti mpaka majirani wasikie.

Basi asubuhi hiyo mzee alikuwa akipeleka sinia mezani, likamtoka. Kibogoyo hakuchelewa, akalisukuma la kwake kwa kiwiko.

"Acha hizo," mzee akasema.

"Limeniteleza, Baba."

"Limekuteleza wapi? Umenitazama kwanza, ndipo ukasukuma. Mchezo huo nimeuanzisha mimi, mwanangu. Utanifundisha mimi?"

Kibogoyo akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

"Baba, acha kazi hii. Naogopa utaungua. Kila siku naogopa."

Mzee akavuta kiti, akakaa katikati ya vipande.

"Nimechoka siku nyingi," alisema. "Ila nilikuwa naona haya kukuachia moto peke yako. Nikasema, nitangoja aniambie mwenyewe. Nawe ukanyamaza! Mama yako angeniambia zamani."

"Mama angekutoa kwa ufagio."

"Tena ule wa chooni."

Walicheka wote wawili. Kibogoyo aliona jinsi mabega ya baba yake yalivyoshuka, akajua ni mzigo gani alioutua, na ni nani sasa wa kuubeba.

Nyuma yao mapovu ya sufuria yakaanza kupasuka polepole, kwa sauti nzito. Sauti hiyo waliijua wote: sukari imeiva, ukizubaa inaungua. Kibogoyo akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akakimbilia moto, akaipua, akaimimina juu ya bamba lililopakwa mafuta. Haikuungua. Ndipo alipogeuka kumtazama mzee. Alikuwa amejishika magoti kwa mikono yote miwili, kama anayejizuia asikimbilie sufuria, na hakuinuka.