Ziara Tatu Ghalani

Ripoti ilikuwa na kurasa thelathini na mbili, jalada la plastiki, picha ya ghala la kale la nafaka mbele, na uongo mtupu ukurasa wa tisa. Mama Popo aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama. Akavuta kiti, akausoma tena. Kisha akavua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi, maana labda kosa lilikuwa la macho. Macho yalikuwa mazima kabisa.

Iliandikwa kwamba mkaguzi, yaani yeye, alikwenda ghalani jioni tatu. Jioni zote tatu hapakuwa na mvua, upepo ulikuwa mdogo, na hakuonekana popo hata mmoja. Chini yake kulikuwa na mstari mtupu unaosubiri sahihi yake.

Ukweli ni kwamba alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza mchana, akapanda darini na tochi, akatoka na bahasha ya vinyesi vidogo vyeusi. Alivisugua vidoleni vikawa unga, na hivyo ndivyo mtu anavyojua ni vya popo, kwa sababu vya panya hukauka vikawa vigumu kama punje. Mara ya pili ilikuwa jioni, mvua ikamnyeshea akarudi amelowa chapachapa bila kuhesabu chochote, kwa kuwa popo hawatoki kwenye mvua kubwa. Mara ya tatu haikuwahi kuwepo.

Jina la Mama Popo walimbandika wenzake wa ofisini, kwa utani, na hakuna aliyekumbuka lini. Kazi yake kwa miaka kumi na minne ilikuwa kuchungulia mapaa ya watu. Anayetaka kubomoa au kugeuza jengo la zamani hupaswa kwanza kuonyesha kama ndani yake kuna wanyama wanaolindwa na sheria. Wakiwemo, kazi husubiri mpaka watoto wao waweze kuruka. Bila ripoti hiyo, ofisi ya mipango haitoi kibali, na bila kibali huruhusiwi kugusa hata kigae kimoja.

Alikwenda na ripoti mkononi hadi kwa bosi.

"Hii jioni ya tatu nilikwenda lini?"

Bosi alitabasamu lile tabasamu lake la kupokea wageni. "Mama Popo, mtaalamu wangu, bila wewe ofisi hii si ingekuwa imeshafungwa? Hayo ni maneno ya kawaida tu. Nimeyatoa kwenye ripoti ya ile shule ya mwaka jana."

"Nimeona. Umesahau kuondoa uwanja wa mpira. Ukurasa wa kumi na moja unasema ghala limepakana na uwanja wa mpira."

Bosi alifungua ukurasa wa kumi na moja, akakohoa. "Huo tutautoa."

"Na ile bahasha ya vinyesi niliyokukabidhi iko wapi?"

"Bahasha gani?"

Hapo ndipo hasira zilipompanda mpaka masikio yakawaka moto. Mtu akudanganye sawa, lakini akudanganye kwa jina lako mwenyewe, kisha akuvike kilemba cha ukoka ili uweke sahihi! Alimwambia hatii sahihi. Bosi naye akaacha kutabasamu. Alisema ripoti inapelekwa Ijumaa, na mkaguzi asiyetia sahihi asijisumbue kuja Jumatatu.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mkandarasi aliyeahidiwa kazi ya ghala hilo alikuwa kaka yake mkubwa, na kaka yake mkubwa alikuwa ameketi kwenye kochi la mama yao, viatu mlangoni, akimsubiri. Bosi alikuwa ameshampigia simu.

"Kitinda mimba," alianza, jina analomwita akitaka kumkumbusha nani alizaliwa kwanza. "Nina mafundi kumi na tisa wamekaa bure tangu mwezi uliopita. Kumi na tisa. Wana wake, wana waume, wana watoto. Na mwenye ghala kasema tukichelewa kazi anampa mwingine. Niwaambie wakae tena kwa sababu ya vipanya vyenye mabawa?"

"Si panya, kaka."

"Basi ndege. Basi mashetani. Mimi ghala lile nimelizunguka mara ishirini, sijaona popo hata wa dawa."

"Umelizunguka saa ngapi?"

"Saa za kazi. Saa ambazo watu wenye akili huzunguka!"

Mama yao alikuwa akichambua maharage mezani. Hakuinua uso, alisema tu kwamba kama wanataka kupigana wahamie uani, vyombo vyake bado anavihitaji.

Mama Popo alijua kaka yake alivyo. Mkaidi, mwenye makelele, lakini fundi wa kweli. Alishawahi kubomoa ukuta mzima alioujenga mwenyewe kwa sababu ulipinda kwa upana wa kidole, na mwenye nyumba hata hakuwa ameona. Ila safari hii aliyekuwa mbele yake ni kaka aliyefikwa na maji ya shingo, na mtu wa namna hiyo hushika chochote.

"Kuhesabu kunataka watu wawili," alimwambia. "Mmoja mbele, mmoja nyuma. Ufunguo wa geti unao wewe. Njoo kesho jioni ukae upande wa nyuma. Wasipotoka, natia sahihi mbele yako."

"Unasema kweli?"

"Mama anasikia."

"Nasikia," alisema mama.

Kesho yake jioni, jua lilipokuwa linazama, walifungua geti. Anga lilikuwa safi. Mama Popo alimpa kaka yake kiti cha kukunja na kile kidude cha chuma ambacho walinzi wa milangoni hutumia kuhesabu watu wanaoingia. Akitoka mmoja, bonyeza. Akirudi ndani, chora mstari kwenye karatasi, tutamtoa mwishoni. Usivute sigara, usiwashe simu, usiongee.

"Na nikikohoa?"

"Kohoa taratibu."

Alikwenda upande wake wa mbele, akaketi, akatazama pengo lililo chini ya paa. Robo saa ilipita. Vipi kama walishahama? Vipi kama mtu alishapanda darini na fagio na moshi? Asingekuwa na la kujitetea, na ahadi aliitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Kisha mmoja akachomoka, mdogo kuliko kiganja, akapinda kona na kupotea. Akabonyeza. Baada yake wakaja wawili, kisha hapakuwa na kitu kwa muda mrefu. Mpaka giza linaingia alikuwa na saba tu. Saba hawatoshi kuitwa makazi ya kuzalia. Saba ni wapita njia, na ripoti ya bosi ingepona kwa kubadilishwa maneno mawili.

Alizunguka ghala miguu ikiwa mizito. Kaka yake alikuwa bado ameketi, shingo ameikunja nyuma, mdomo wazi, kidude amekikumbatia kwa mikono miwili. Mama Popo alikumbuka ghafla kwamba kidude kile kina kitufe cha pembeni ambacho ukikigusa namba zote hurudi sifuri, na kwamba hakumzuia mtu huyu kukigusa. Mafundi kumi na tisa walikuwa wanasubiri kitufe hicho.

"Wangapi?"

Aliinua kidole akaelekeza juu ya ukuta.

"Nilidhani wamekwisha," alisema, kwa sauti ya chini ambayo dada yake hakuizoea. "Wakazidi kutoka. Pale, kwenye ile boriti iliyopasuka. Kama maji yanayovuja." Akampa kidude. "Mia mbili na sita. Walirudi kumi na mmoja, nimeshawatoa. Hesabu yangu haina kasoro."

"Najua."

"Kwa nini wanarudi?"

"Wana watoto ndani. Wanarudi kunyonyesha."

Kaka yake alisimama, akakunja kiti, kikamgomea, akakitukana. Alitembea hadi getini. Pale getini aligeuka. "Unanitia hasara wewe," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. "Lete hiyo karatasi ya hesabu nitie sahihi kabla sijabadili mawazo."

Alhamisi asubuhi bosi alizisoma karatasi zote nne zilizoandikwa kwa mkono, akazirudisha mezani kwa ncha ya kidole.

"Hii siipeleki."

"Sikukuletea uipeleke. Nimekuletea uione. Nakala naipeleka mwenyewe."

"Ukitoka na karatasi hizo usirudi."

"Leseni ya ukaguzi ni yangu, bosi. Haikutoka kwenye droo yako." Alichukua kikombe chake, tochi yake na sweta lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango. Aliogopa, tena sana, lakini hata hivyo alitoka, na mlango akauacha wazi ili wote wasikie viatu vyake vikishuka ngazi.

Ofisi ya mipango ilikuwa na foleni fupi. Karani wa masjala, mama mnene mwenye kalamu mbili nyweleni, alizipekua karatasi.

"Kampuni?"

"Sina."

"Dada, hapa siwezi kuacha wazi. Nikuandike kama nani?"

"Niandike aliyekuwepo."

Karani alimtazama juu ya miwani, akaandika. Kidole chake kikashuka hadi sahihi ya pili. Akasoma, akaangalia faili la maombi ya kibali, akasoma tena.

"Huyu si ndiye mkandarasi wa ghala hilihili? Hii ikipokelewa, kazi si inamponyoka?"

"Inamponyoka," alisema Mama Popo. "Na yeye alikuwepo. Piga mhuri."